Bibi katufumia kidoli cha safari, tumtumieje ili safari iende taratibu?

mama_wa_wawili

Habarini wadau, naomba tusaidiane. Mwezi ujao tunasafiri kifamilia siku 10, mimi na mume wangu, watoto wawili (wa kike miaka 9, wa kiume minne) na mama mkwe tunaenda naye. Safari iliyopita kiukweli tuliiharibu wenyewe, tulijaza ratiba kila siku sehemu tatu nne, asubuhi watoto wanaamshwa usingizini wanavishwa viatu huku wanalia, jioni kila mtu kanuna, tukarudi nyumbani na picha kibao ila ukimuuliza mdogo anakumbuka nini anakwambia anakumbuka kukaa kwenye gari. Iliniuma sana hiyo. Safari hii tumekubaliana twende mdogo mdogo, vituo vitatu tu kwa siku zote kumi.

Sasa mama mkwe anajua sana kufuma, katufumia kobe mdogo wa uzi, anaenea kiganjani, gamba la kijani lina mabaka ya njano na shingo kaiacha ndefu kidogo makusudi aonekane kama anachungulia. Mdogo kampa jina Mzee Pole kwa sababu bibi yake kila akimwona anakimbia humwambia pole pole. Tumekubaliana tusafiri naye, awe wa familia nzima.

Ninachoogopa ni kwamba atageuka kazi nyingine, yaani kila tukifika mahali ni weka kobe hapa piga picha, sogeza, piga tena, alafu ile haraka tuliyoikimbia inarudi kwa mlango wa nyuma. Halafu mkubwa anasema hayo ni mambo ya kitoto hataki kuonekana nacho. Na je akipotea njiani itakuwaje, maana huyu mdogo namjua. Wenye uzoefu naombeni mnipe mwanga.

fundi_uzi

Dada hongera, na mpe mama salamu, kobe ni chaguo zuri maana umbo lake ni la mviringo halina vitu vya kuning'inia sana. Nafuma hivi vidoli muda mrefu sasa, ngoja nikupe vitu vya kukagua kabla hamjaondoka.

Macho kayawekaje? Kama ni yale ya plastiki ya kubana kwa nyuma, na mtoto ana minne, mvute kwa nguvu uone kama yanacheza, ila mimi kwa kidoli kitakachoshikwa na watoto wadogo huwa nayadarizi kwa uzi mweusi tu, hakuna cha kung'oka wala kumezwa. Hata mkikutana na familia yenye mtoto wa chini ya miaka 3 huna haja ya kumnyang'anya. Pili mvute kidogo gamba utazame matundu, ukiona pamba ya ndani inachungulia ujue kafuma kwa kulabu kubwa kuliko uzi, akifinywa siku kumi pamba itatoka. Kama bado ana muda afumue afume upya kwa kulabu ndogo zaidi, kidoli kinatakiwa kibane.

Mfanyie kitanzi cha uzi uleule mgongoni, kiwe kinene na kifupi, cha kumfunga kwenye begi au kwenye mkanda wa suruali. Kisiwe kirefu, kirefu kinaweza kumzunguka mtoto shingoni akilala kwenye gari. Na kama anaanguka anguka kila mkimweka chini, tumboni aongezwe uzito, kokoto chache ndani ya kifuko cha kitambaa kilichoshonwa mara mbili. Wengine wanajaza nafaka, msijaribu, akiloa mara moja tu ndani kunaota ukungu na wadudu wanaingia.

Akichafuka mfueni kwa mkono maji ya uvuguvugu, msimkamue kwa kumsokota, mfungeni kwenye taulo mkandamize, alafu akauke kivulini mpaka ndani kabisa. Nje anaweza kuonekana mkavu na tumbo bado bichi.

baba_mwenye_tembo

Mama wa wawili umenigusa kabisa, sisi tuna tembo wa kitambaa, mke wangu alimshona kwenye shati langu kuukuu na mfuko wa shati akauacha palepale ubavuni, watoto wanautumia kumwekea tiketi zilizokwisha na vijiwe wanavyookota. Ameshaenda na sisi safari sita.

Siri yetu ni moja. Tembo hayupo kwa ajili ya picha, yupo kwa ajili ya zamu. Kila siku anakaa na mtu mmoja, na mwenye tembo siku hiyo ndo anaamua tusimame wapi na tukae muda gani. Wengine wote tunamfuata, hata kama ni mtoto wa miaka minne, na mzazi huruhusiwi kusema haya twende tunachelewa, labda iwe ni suala la usalama au basi linaondoka kweli. Mwanzoni ilinipa shida sana mimi, nimezoea kuangalia saa.

Nikupe mfano. Siku moja ilikuwa zamu ya kijana wangu akiwa na miaka mitano, tumeshuka stesheni kubadilisha treni, akamkalisha tembo juu ya begi akasema tembo anataka kuangalia. Kuangalia nini, mabehewa yamesimama tu. Tukakaa. Baada ya muda akatokea fundi ana nyundo ya mpini mrefu, anapita kwenye behewa moja baada ya jingine anagonga magurudumu, anagonga anasikiliza, anagonga anasikiliza. Mtoto akamfuata kwa upande wa jukwaani na tembo kambeba kichwani, mpaka yule fundi akasimama akamweleza kwamba gurudumu zima linalia kama kengele na lenye ufa linatoa mlio mfu, ndo maana anasikiliza. Tuliachia treni ya kwanza ikaondoka, tukapanda iliyofuata. Ni miaka minne sasa na bado akiona kitu cha chuma anakigonga kwa kijiko anakitegea sikio. Siku hiyohiyo tulikuwa tumepanga kwenda kuona jengo moja maarufu, tulienda kesho yake, hakuna anayelikumbuka.

Kwa hiyo kwenye picha sisi tuna sheria ya picha moja kwa siku, na anaipiga mwenye zamu, akikosea akakata kichwa basi ndo picha ya siku hiyo. Simu baada ya hapo inarudi mfukoni.

Kuhusu kupotea, tulishampoteza. Tembo wetu shati lilikuwa jeupe lenye mistari, tukalala hoteli, asubuhi mashuka yakabadilishwa akafungwa humo humo akaenda kufuliwa na sisi tumeshaondoka. Bahati alipatikana tukatumiwa baada ya wiki mbili, kajikunja sikio moja. Tangu siku hiyo ana mkanda mwekundu shingoni ili aonekane juu ya shuka, na kabla ya kutoka chumba chochote tunaita majina, kila mtu anaitika, na tembo anaitikiwa na mwenye zamu akimwinua juu. Kama hajainuliwa hakuna anayetoka. Kwa rangi ya kijani na njano mko vizuri zaidi yetu. Shoneni na namba ya simu kwenye kitambaa chini ya tumbo, namba tu, jina la mtoto msiweke.

mwalimu_wa_chekechea

Nakubaliana na baba mwenye tembo ila nataka kuongeza kitu kimoja muhimu. Mama, huyo mdogo ana kitu chake anacholalia? Blanketi, mdoli, hata kipande cha khanga? Kama anacho, Mzee Pole asichukue nafasi hiyo na hicho kitu kisigeuzwe kidoli cha safari.

Nasema hivyo kwa sababu ni vitu viwili tofauti kabisa. Kile cha kulalia, daktari wa watoto wa Uingereza Donald Winnicott alikiandikia mwaka 1953, kwamba mtoto anakitumia kuvuka kutoka kwa mama kwenda kwenye dunia yake mwenyewe, ni chake peke yake, harufu yake hiyo hiyo, ukikifua tu bila kumwambia anajua. Kile kikipotea usiku wa ugenini hamtalala. Kwa hiyo kibaki kitandani au ndani ya begi kubwa, kisizunguke mitaani. Kobe ni wa wote, ana zamu, anapita mikono mitano, anawekwa juu ya mawe, akipotea inauma lakini mtoto bado ana pa kushika.

Na akipotea kweli msimdanganye mtoto, msinunue anayefanana mkamwambia ndo huyo. Watoto wa miaka minne wanajua mshono. Mwambieni hatujui alipo, bibi atafuma ndugu yake, na mwacheni alie.

mpenda_anga

Kwa huyo binti wa miaka 9 anayeona ni mambo ya kitoto, mwambie wanaanga wanasafiri na vidoli. Kwenye Soyuz, chombo cha anga cha Warusi, huwa wananing'iniza kidoli kwa kamba mbele yao, chombo kikishaacha kusukumwa na roketi kamba inalegea na kidoli kinaanza kuelea, hapo wanajua wamefika kwenye hali ya kutokuwa na uzito. Mara nyingi kinachaguliwa na mtoto wa kamanda. Na mwaka 2013 mwanaanga wa Marekani Karen Nyberg alimshonea mwanawe mdoli wa dainosa akiwa hukohuko kwenye kituo cha anga, kitambaa alikitoa kwenye vyombo vya chakula vya Warusi na ndani akajaza vipande vya fulana iliyokwisha kutumika. Injinia mzima, yuko angani, ana sindano mkononi.

Mpe kazi ya kikubwa, mpe daftari. Yeye ndo awe mwandishi wa safari ya kobe, aandike tarehe, walipolala, hali ya hewa, kobe aliona nini. Asilazimishwe kumbeba.

jicho_la_kamera

Naongezea upande wa picha kwa sababu hiyo moja kwa siku iwe nzuri. Msimwinue kobe juu mkono ukanyooka, shuka wewe. Lala chini kabisa au piga magoti, simu iwe usawa wa macho yake, msogeze karibu na lenzi ya kamera kama sentimita 20, gusa uso wake kwenye skrini mpaka atulie, mlima au bahari iliyo nyuma itafifia kidogo na yeye ataonekana mkubwa kama mtu. Asubuhi mapema au jua likishaanza kushuka, saa za mchana kati gamba la kijani litawaka lote, yale mabaka hayataonekana.

Faida nyingine ambayo mimi naipenda zaidi, mkitaka kuwarushia ndugu na marafiki mtandaoni, rusheni ya kobe badala ya sura za watoto. Watu wanajua mko wapi mnafanya nini na watoto wenu wamebaki wenu. Ila zimeni ile huduma ya kurekodi mahali (location) kwenye kamera kabla ya kuondoka, picha nyingi za simu zinabeba ndani yake sehemu kamili ilipopigwa. Na rusheni mkishaondoka hapo, sio mkiwa bado mmelala hapo.

mama_wa_wawili

Jamani asanteni sana, nimesoma yote mara mbili na mama mkwe nimemsomea kwa sauti. Alipofika kwenye macho akamchukua kobe palepale akayang'oa, yalikuwa ya plastiki kweli na moja lilitoka kirahisi mpaka tukatazamana. Sasa ana macho ya uzi, kamdarizia na mkunjo kidogo juu ya kila jicho, anaonekana mtu mzima. Tumbo kalifumua upande mmoja kaweka kifuko cha kokoto na kitambaa chenye namba, kafunga tena. Anasimama mwenyewe.

@mwalimu, mdogo analalia gauni langu la zamani, litabaki kitandani. Nilikuwa kidogo nikosee hapo, nilitaka kulikata nimshonee Mzee Pole shuka. Asante mno.

Hiyo ya zamu tumeikubali wote, mume wangu ndo kapata shida kama baba mwenye tembo ila kakubali, saa yake anaiacha nyumbani. Mkubwa hiyo habari ya dainosa aliisoma mwenyewe kwenye simu yangu akakaa kimya, baadaye nikakuta daftari lina ukurasa wa kwanza: "Mzee Pole. Urefu sm 9. Uzito gramu 64 pamoja na kokoto. Hajawahi kuona bahari." Alimpima kwenye mzani wa jikoni, sikumwambia.

Tunaondoka Jumamosi. Saa ngapi, sijui, zamu ya kwanza imemwangukia bibi na amesema tutaondoka akishamaliza kunywa chai.