Bendi za Tabora: tuzinyamazishe kwa sababu ya kelele, au tuzibadilishie saa?

Ndugu zangu, katika kikao cha mtaa wetu hapa Isevya lilitolewa pendekezo kwamba baa zote zilizo kwenye makazi zikatazwe kupiga muziki, na waliolipinga walikuwa na jibu moja tu, kwamba mji ukinyamaza usiku umekufa. Mimi sikuridhishwa na upande wowote. Nina sababu ya kuchukia kelele: chumba changu kimepakana na baa ambayo spika zake hutikisa vikombe kabatini mpaka saa nane za usiku, na binti yangu wa kidato cha nne husoma akiwa ameziba masikio kwa pamba.

Hata hivyo, katika baa hiyo sijawahi kumwona mpiga gitaa hata mmoja. Kinachopiga ni kompyuta ndogo na spika mbili zenye urefu wa mtu. Tukikataza muziki kwa jumla, tutamwadhibu mpiga solo kwa kosa lisilo lake, tena katika mji uliotoa bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, na ambao watu wake wa upande huu wa magharibi ndio walioipa jina Western Jazz ya Dar es Salaam.

Swali linalonishughulisha ni kwa nini bendi siku hizi huanza wakati watu wazima wanajiandaa kulala. Zamani bendi nyingi zilikuwa na mwajiri. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, baadaye ilimilikiwa na shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa vya mwajiri na mwanamuziki alipokea mshahara, ukumbi ujae usijae. Leo bendi nyingi hula mlangoni na mwenye baa hula kaunta. Kwa kuwa kiingilio ndicho chakula chao, wanamuziki hupasha vyombo moto na kusubiri watu wajae, na watu nao, wakijua kwamba bendi itachelewa, huchelewa zaidi. Hivyo muziki wenyewe unakolea saa tano, muda ambao jirani amekwisha kuzima taa.

Sheria, kwa upande wake, haiulizi nani anapiga. Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, hupima sauti inayotoka, na kiwango cha usiku ni cha chini kuliko cha mchana. Mwaka 2023 NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, ilipofungia baa na kumbi kwa kelele Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza, wengi walilalamika kwamba starehe inauawa. Mimi naona kosa lilikuwa la wenye kumbi waliojenga banda la mabati lisilo na ukuta wakaliita ukumbi.

Pendekezo langu ni kwamba mwenye baa ailipe bendi bei waliyopatana kabla, kisha ianze saa kumi na moja jioni na kufunga saa nne. Si jambo geni: wazee wetu wanalikumbuka bugi, dansi la mchana la vijana, ambalo halikuhitaji kukesha wala pombe. Rafiki yangu mwenye baa alinicheka, akasema fundi na bodaboda hawaachi kazi saa kumi na moja, na kwamba bia hainyweki juani. Hoja yake ya kwanza ni nzito, hasa msimu wa kuuza tumbaku, wakati watu wa Urambo na Sikonge wanapoingia mjini na fedha mfukoni na hawana haraka ya kurudi. Kwa miezi hiyo, Manispaa itenge uwanja mbali na makazi, nao wakeshe huko.

Ninachoomba mnisaidie ni usimamizi. Mwenyekiti wa mtaa hawezi kuachiwa peke yake, maana wa kwetu ana kiti chake maalumu katika baa hiyohiyo, karibu na spika. Je, saa sita ya usiku, jirani ampigie nani simu atakayeipokea?