Naomba ushauri: mtoto ameumia kiwiko, ni chakula gani huharakisha mfupa kuunga?

Mkulima_wa_Zabibu: Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Mwanangu wa miaka saba, anayeishi na bibi yake huko Kongwa, ameanguka kutoka juu ya mkwaju na kuumia kiwiko cha kushoto. Ameshapata huduma na mkono umefungwa vizuri. Naomba kufahamu chakula kitakachosaidia mfupa kuunga mapema, kwa sababu shule zinakaribia kufunguliwa na mimi, nikiwa hapa Dodoma mjini, sina raha hata kidogo.

Mama_Nkuhungu: Pole sana, kaka. Mpe maziwa, supu ya makongoro, na dagaa wanaotafunwa pamoja na mifupa yao, maana maziwa na dagaa hao wana kalsiamu nyingi. Usisahau jua, kwani ndilo huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, na bila hiyo mwili haufyonzi kalsiamu ipasavyo.

Mzee_wa_Kondoa: Mimi nilivunjika paja ujanani. Huo ndio mfupa mrefu kuliko yote mwilini, nao ulinilaza muda mrefu, mguu ukivutwa kwa mawe ya uzani. Watoto huunga haraka kuliko sisi, hivyo usihofu. Ila wazazi wa leo mnawaachia bibi mizigo yote, na hilo si jambo jema.

Nesi_Mstaafu: Poleni sana. Kabla ya chakula, naomba utueleze ni nani aliyemfunga, eksirei ilionyesha nini, na vidole vyake vikoje.

Mkulima_wa_Zabibu: Eksirei haijapigwa. Amefungwa kwa fito na vitambaa na mzee wa kijijini anayeunga mifupa, yule yule aliyeunga mguu wa marehemu baba yangu, akatembea miaka mingi bila mkongojo. Ameagiza asifunguliwe hadi Jumamosi, na mama ameshampa mbuzi. Vidole vimevimba na ni vya baridi, ila msimu huu kwetu kuna upepo mkali.

Nesi_Mstaafu: Huo si upepo, ndugu yangu. Mfupa ukivunjika juu kidogo ya kiwiko, ncha yake inaweza kuubana mshipa mkubwa wa damu upitao mbele ya kiungo hicho, na kukaza vitambaa juu ya uvimbe huongeza mbano hadi damu isiifikie misuli. Misuli ikikosa damu kwa takribani saa sita huanza kufa, kisha husinyaa na kuvivuta vidole vikabaki vimekunjamana kama kucha za mwewe. Ulemavu huo ulielezwa na daktari Mjerumani Richard von Volkmann mwaka 1881, na hadi leo tunauona. Mwombe mama avinyooshe vidole taratibu, kisha utuambie.

Mdadisi_Chamwino: Samahanini, lakini naona uzi huu umetungwa. Mwanzo mkono ulikuwa "umefungwa vizuri", sasa kuna fito na mbuzi, na Kongwa kuna hospitali ya wilaya. Habari za namna hii huletwa ili kuwachafulia jina wazee wetu. Aweke picha.

Mzee_wa_Kondoa: Hata mimi nimeanza kuingiwa na shaka.

Mkulima_wa_Zabibu: Sina sababu ya kumzulia mwanangu maradhi. Hospitali ipo, lakini pale nyumbani mwenye kauli ni mama, na nisingeweza kupita juu ya neno lake. Nimempigia sasa hivi. Kidole cha kati kiliponyooshwa, mtoto alipiga ukelele hadi majirani wakaja, na anasema kidole gumba hakihisi kitu.

Nesi_Mstaafu: Kama ni hadithi, itamfaa msomaji mwingine. Kama ni kweli, vitambaa vyote vikatwe sasa hivi, visisubiri gari. Mkono usichuliwe wala usining'inizwe juu, bali uegemezwe usawa wa moyo katika mkunjo usiomwongezea maumivu. Asile wala asinywe kitu, hata hiyo supu, kwa sababu huenda akahitaji upasuaji usiku huu. Mkifika hospitali, tangulieni kusema kwamba vidole ni vya baridi na vimekufa ganzi, msianze na habari za mkwaju.

Mkulima_wa_Zabibu: Vitambaa vimekatwa, na mjomba wake amepata gari la jirani. Vidole viwili vimeanza kupata joto, ila gumba bado. Mama anauliza kama yule mzee anaweza kufuatana nao.

Nesi_Mstaafu: Aende. Daktari atataka kujua mfupa ulivutwaje na ulikazwa tangu saa ngapi, na mwenye jibu hilo ni yeye.