Fiba ya nyumbani inakatika kila siku kuanzia saa 2 usiku, asubuhi iko sawa. Nianzie wapi?

mkaazi_wa_goba
Wakuu, habari za jioni. Nina fiba nyumbani, kifurushi cha 20 Mbps. Mchana kutwa haina shida. Ikifika saa 2 usiku inaanza: inapotea dakika mbili tatu, inarudi, baada ya nusu saa inapotea tena. Saa 5 ikishapita inatulia hadi kesho yake. Simu zote na TV zinakosa mtandao kwa pamoja. Tatizo lina wiki tatu. Huduma kwa wateja wananiambia nizime niwashe. Nimeshabadili nywila ya waifai nikidhani kuna jirani anatumia, haikusaidia. Vifaa: simu 4, TV, kompyuta moja na kamera 2 za nje. Ruta ni ile niliyofungiwa na kampuni.

fundi_nyaya
Mkuu, usizime wala kuwasha kitu chochote hadi ujue kinachokatika ni kipi. Waifai, fiba na umeme wa ruta vyote vikileta shida, ukiwa kwenye kochi unaona jambo lile lile: mtandao hakuna.

Leo saa 1 na nusu chukua kompyuta, ichomeke kwenye ruta kwa kebo, tundu la LAN 1, na uzime waifai ya kompyuta. Fungua madirisha matatu ya Command Prompt (dirisha la amri la Windows). Amri ya ping inatuma ujumbe mdogo na kusubiri jibu. La kwanza andika `ping -t 192.168.1.1` (au anwani iliyo kwenye kibandiko chini ya ruta). La pili, andika kwanza `tracert -d 8.8.8.8`, chukua anwani ya mstari wa pili (kipande cha kwanza cha kampuni), kisha ipigie `ping -t`. La tatu `ping -t 8.8.8.8` (anwani ya Google). Yaache yote yaende.

Likisimama la tatu peke yake, tatizo liko mbele zaidi, baada ya kipande cha kwanza cha kampuni yako. Yakisimama la pili na la tatu wakati la kwanza linajibu, angalia fiba au kipande cha kwanza cha kampuni. (Kuna kampuni ambazo mstari wa pili haujibu ping kabisa hata mambo yakiwa mazuri, kwa hiyo lijaribu mapema.) Yakisimama yote matatu, ruta yenyewe ndiyo inayoanguka, na kumpigia mtu wa fiba ni kupoteza muda.

Wakati huo huo tazama taa za ruta. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki. PON ikipepesa, ruta inatafuta kujiunga upya. Taa zote zikizima na kuanza moja baada ya nyingine, ni umeme.

Ingia pia kwenye ukurasa wa ruta uniletee namba mbili: Rx Power (nguvu ya mwanga unaofika) na Uptime (muda tangu ruta iwake). Rx Power ya ruta nyingi za GPON (aina ya fiba ya majumbani) inatakiwa iwe kati ya -8 na -27 dBm. Ikiwa -15 hadi -24 huna wasiwasi. Ikiwa -26 uko ukingoni, hapo ukague kile kiungio cha kijani cha fiba na kama waya umekunjwa kwa kona kali. Fiba iliyopinda haichagui saa, isipokuwa waya umepita penye mlango au dirisha linalofungwa jioni likaubana.

Ukisoma kumbukumbu za matukio ndani ya ruta, angalia saa yake kwanza. Nyingi zinaandika saa ya UTC (saa ya kimataifa), iko nyuma yetu kwa saa 3. Tukio la saa 2 usiku utalikuta limeandikwa 17:00.

mkaazi_wa_goba
Nimefanya kama ulivyosema. Rx Power -21.4. Saa 2 na dakika 20 madirisha yote matatu yalisimama kwa mpigo. Taa za ruta zilizima zote kama sekunde moja, zikaanza upya. Nilipoingia tena, Uptime ilisoma dakika 4. Ila umeme wa nyumba haukukatika, taa na TV viliendelea.

volti12
Basi fiba yako ni nzima, ruta inakosa umeme. Swali moja: zile kamera za nje zinapata umeme kutoka wapi? Na adapta ya ruta imeandikwa nini?

mkaazi_wa_goba
Adapta imeandikwa 12V 1.5A. Fundi wa kamera aliweka waya wa kugawa, adapta hiyo hiyo inalisha ruta na kamera zote mbili. Alifunga mwezi huu mwanzoni. Kila kamera imeandikwa 12V 6W.

volti12
Tatizo lako liko hapo hapo. Volti 12 mara 1.5A ni wati 18, na hizo ndizo zote adapta inazoweza kutoa. Kamera mbili zikifikia kiwango cha kwenye lebo ni wati 12, ruta inabakiwa na 6.

Mchana inavumilika kwa sababu kamera hazijawasha taa za infraredi (za kuonea gizani). Giza likiingia taa zinawaka na kila kamera inavuta zaidi. Bado ruta inajikaza, mpaka watu wakae sebuleni: TV inavuta video, simu nne ziko hewani, redio za waifai za 2.4 na 5 GHz zinatuma bila kupumzika, nayo ruta inaongeza matumizi. Adapta inazidiwa, kinga yake inakata kwa muda mfupi, inarudi. Ruta haistahimili hata muda huo mfupi; inaanza upya, na kuwaka hadi kujiunga ndizo hizo dakika mbili tatu. Mkishalala mzigo unapungua, inatulia.

Usinunue ruta mpya. Ondoa waya wa kugawa, adapta ya 1.5A irudi kwa ruta peke yake. Kamera zinunulie adapta ya 12V 2A: wati 12 ni ampea 1, kwa hiyo inabaki nafasi. Volti lazima ziwe 12 kamili, si 9 wala 15. Ampea zikizidi hakuna ubaya, kifaa kinachukua kinachohitaji. Angalia mchoro wa duara kwenye lebo, alama ya kujumlisha iwe katikati. Kichwa kiwe 5.5 × 2.1 mm kama tundu ndilo hilo. Cha 2.5 kinaingia pia lakini kinacheza, ukigusa tu kinakata.

Waya wa kamera ukiwa mwembamba na mrefu nao unakula volti. Shaba ya 0.5 mm² kwa mita 20, kamera ya nusu ampea inapoteza karibu volti 0.7.

Multimita (kipimo cha umeme) isikudanganye: adapta iliyochoka ikipimwa bila mzigo inasoma 12 safi. Ipime ikiwa inafanya kazi.

Bi_Kebo
Kwa wanaosoma hapa na Uptime ya ruta zao hairudi sifuri: angalieni simu zenu. Usiku simu ikiwa kwenye chaji na waifai ndipo inapopandisha picha na video za siku nzima. Upande wa kupandisha ukijaa, ping (muda wa jibu kurudi) inaruka kutoka milisekunde 15 hadi 400 na zaidi, mtu anadhani mtandao umekatika. Simamisheni upakiaji huo dakika kumi mwone. Ikiwa ndio, wekeni kikomo cha kupandisha kwenye ruta, asilimia 85 hadi 90 ya kasi mliyopima.

Na kama kwa kebo ni sawa ila kwa waifai ni vibaya, 2.4 GHz iwekeni chaneli 1, 6 au 11 kwa upana wa 20 MHz. Kwenye 5 GHz tumieni 36 hadi 48. Chaneli 52 hadi 144 zinagawana hewa na rada. Ruta ikihisi rada lazima ihame, na kabla ya kutumia nyingine ya kundi hilo inasikiliza angalau sekunde 60.

mkaazi_wa_goba
Kamera zina adapta yake tangu Jumatatu jioni. Leo Ijumaa asubuhi Uptime inasoma saa 86, haijakatika hata mara moja. Asanteni sana wakuu.