Mnaorusha jina na picha ya mtoa taarifa WhatsApp, mnamsaidia nani?

Nimechoka, sizunguki. Watu wa Goma, nanyi mlio Beni, Butembo na Oicha mnaosoma hapa, kila siku kwenye makundi yetu naona "komvua (msafara wa magari) inatoka saa kumi na mbili", picha ya kambi ya askari, "pale kijijini vijana wa kulinda wamebaki wachache tu". Kisha ADF, waasi wanaoua raia huku kwetu mashariki mwa Kongo, wakiingia usiku na kuchinja, tunaulizana njia waliijuaje!

Waliijua kwa sababu walipeleleza kwanza. Panga huja mwisho. Al-Qaeda ilimtuma Ali Mohamed apige picha ubalozi wa Marekani pale Nairobi mwaka 1993; bomu likalipuka tarehe 7 Agosti 1998, likaua watu 213 mjini humo. Yeye mwenyewe alieleza mahakamani mwaka 2000 kwamba bin Laden alizitazama picha zile akaonyesha mahali lori lingeweza kuingia. Al-Shabaab wana kitengo kizima cha upelelezi, Amniyat, na sehemu ya kazi yake ni kuwasaka wanaoshukiwa kutoa habari. Huko Mumbai, India, mpelelezi wa magaidi David Headley alizizungukia hoteli na kamera muda mrefu kabla ya shambulio la Novemba 2008. Lilipoanza, wakubwa wa wauaji walikaa Pakistani wakitazama televisheni, wakiwaelekeza kwa simu. Hapo hawakuhitaji hata jasusi. Kamera za habari ziliwapa macho bure, kama tunavyowapa sisi.

Na hapa kwetu? Kasindi, tarehe 15 Januari 2023, bomu lililipuka kanisani Jumapili, watu wako kwenye ubatizo. Siku kama ile haichaguliwi kwa bahati.

Sasa kinachoniwasha moyo. Shemeji yangu ana shamba la kakao upande wa Oicha. Aliona watu asiowajua wanapita shambani, mmoja akamuuliza mtoto ibada inaisha saa ngapi. Akaenda kwa chefu wa kijiji, kimya kimya, kama inavyotakiwa. Giza halijaingia, jina lake liko WhatsApp, picha yake, jina la kijiji, na maneno "shujaa wetu". Redio moja ikasoma vilevile jioni ile. Shujaa gani? Mmewaandikia wachinjaji nani wa kuanza naye! Leo analala sebuleni kwangu na mke na watoto, kakao inaozea mtini. Majirani zake wamekwisha kuelewa: ukiona kitu, funga mdomo. Wauaji hawahitaji ushindi mkubwa kuliko huo. Wao wanatujua mpaka saa ya sala, sisi hatuna tena wa kutuambia wamepita wapi.

Na msiniletee hapa hoja ya kumkamata kila mgeni. Mmekwisha kupiga wauza biskuti na wapita njia wasio na kosa, na mpelelezi wa kweli anaweza kuwa mtu mnayemsalimia kila asubuhi.

Maadmini, futeni ujumbe wowote wenye jina la mtoa taarifa au saa ya msafara, na aliyeurusha mtoeni kundini. Watu wa redio, semeni hatari iko wapi, jina la mtu liacheni.

Tena nataka jibu hapa hapa. Shemeji alizungumza na chefu, mlango umefungwa, wakiwa wawili. Ile picha ilitoka kwa nani?