Webley ya marehemu babu imechakaa: nipige bluu, nikeli au rangi ya kuoka? Na mpini je?

Kigamboni_Beach
Wakuu habari za wikiendi. Nina rivolva niliyorithi kwa babu, Webley Mark IV ya .38, zile za Mwingereza zinazokunjika katikati ukitaka kuweka risasi. Leseni ishahamia jina langu, polisi wameiona na namba yake ipo kwenye makaratasi, kwa hiyo naomba tusianzie huko. Shida yangu ni sura yake. Bluu (ile rangi nyeusi-samawati inayopikwa kwenye chuma cha bunduki) imeisha kabisa mdomoni mwa mtutu na kwenye silinda pale ilipokuwa inasuguana na ala ya ngozi, upande mmoja kutu imeshachimba vishimo vidogo vidogo, na vibao vya mpini (vile vyeusi vya asili) kimoja kina ufa pale kwenye skrubu.

Fundi mmoja anasema nimpe aisugue na mashine mpaka ing'ae halafu aipige nikeli. Jamaa mwingine ananiambia siku hizi watu wanatumia Cerakote, ile rangi ya kuoka kwenye oveni. Mimi moyo unapenda nyeusi tu. Siiuzi, naipeleka renji, uwanja wa kulenga shabaha, mara mojamoja basi. Nyumba yangu iko karibu na bahari, chumvi inakula mpaka bawaba za milango. Mngekuwa nyie mngefanyaje? Na mpini niweke mbao au raba?

Mtoto_wa_Ilala
Nikeli kaka, huna haja ya kufikiria mara mbili. Kwa joto na chumvi ya hapa Dar bluu ni kazi ya kupaka mafuta kila siku kama mtoto mchanga. Halafu nikeli ina heshima yake bana, ukiitoa tu watu wanajua hii ni ya mzee.

Chuma_na_Msasa
Subiri kwanza kabla hujampa mtu mashine. Iangalie vizuri kwenye fremu, kama imetengenezwa wakati wa vita ya pili utakuta imegongwa maneno WAR FINISH. Hayo maneno kiwanda cha Webley & Scott pale Birmingham waliyagonga makusudi, maana kazi ilikuwa ya haraka, hawakuisugua ikalainika kama zile za kabla ya vita, wakaona wamwambie mteja kabisa kwamba ukiona mikwaruzo ya mashine usitulaumu. Sasa ukimpa fundi akaisugua mpaka ikawa kioo atakuwa anafuta kitu ambacho ndicho kinaitambulisha hiyo bastola. Na akienda na lile gurudumu la kitambaa ndo balaa zaidi, kona zote zinakuwa duara, matundu ya skrubu yanatanuka mdomo, mihuri ya Birmingham ya kuonyesha silaha ilijaribiwa inafifia. Na namba, mkuu. Namba ikififia mpaka haisomeki hapo umeshatoka kwenye urembo umeingia kwenye kesi.

Kuhusu nikeli, kwenye chuma chenye vishimo haifichi kitu, inavionyesha zaidi sababu inang'aa. Ili ikae sawa lazima uchonge chuma mpaka chini ya vishimo, yaani unapunguza mwili wa bastola kwa ajili ya sura. Halafu nikeli nyingi hukaa juu ya tabaka la shaba nyekundu, siku ikipata mchubuko ukasafisha na dawa yenye amonia, dawa inapenya inakula shaba chini na nikeli inaanza kubanduka vipande. Na ikishaanza kubanduka hakuna cha kuziba, ni kuitoa yote uanze upya.

Kigamboni_Beach
Aisee nimeitoa nikaiangalia na tochi, kweli WAR FINISH ipo. Na pembeni imeandikwa MARK IV .38 145/200. Nilikuwa nadhani ile mikwaruzo ni babu aliisugua na brashi ya waya 😂

Chuma_na_Msasa
Babu hana kosa lolote, hiyo ni ya kiwandani. Na hiyo 145/200, ambayo ni uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, iangalie vizuri ukienda kununua risasi. Usikubali mtu akwambie .38 ni .38 tu. Hiyo inakula .38 S&W, ambayo ni fupi na pana kidogo kuliko .38 Special, na Special ina nguvu zaidi. Kuna Webley zilichongwa ndani ya silinda ili zipokee Special, hizo mimi sipigi hata nikilipwa. Kabla hata ya kuwaza rangi mpe fundi akague ile lachi ya juu (komeo linaloshikilia mtutu usikunjuke), bawaba, na silinda inavyofunga. Ikiwa imelegea hapo usitumie hela kwenye finishingi.

Oveni_ya_Tegeta
Naona Cerakote inapigwa vita bure. Hii kitu ni rangi yenye kauri ndani yake, unapulizia, unaoka kama saa mbili kwenye nyuzi 120 hivi, joto hilo halifanyi chochote kwenye ugumu wa chuma. Kwa chumvi ya bahari hakuna bluu inayoifikia. Na nyeusi yenyewe ipo, tena isiyong'aa.

Chuma_na_Msasa
Sijaipiga vita, kwa bunduki ya kazi, ya mtu wa boti au wa kambi porini, hata mimi ningeipaka. Ila ina unene, kama maikroni 25 hivi, kwenye mtutu hauonekani lakini kwenye lachi na bawaba ya Webley unaweza kuusikia. Tena kabla ya kupaka wanapiga mchanga ili rangi ishike, hapo ule mkwaruzo wa WAR FINISH umekwenda na maji. Ya urithi hapana.

Mimi ningemfanyia bluu ya kutu, ile ya polepole. Unatoa mafuta yote kwenye chuma, unapaka dawa, unaacha ipate kutu nyembamba, unachemsha kwenye maji masafi ile kutu nyekundu inageuka nyeusi, unaisugua taratibu na stilwulu (nyuzi za chuma) laini, unarudia tena na tena mpaka weusi ukolee. Wenzetu wa nchi zenye hewa kavu inabidi watengeneze kabati la mvuke ili chuma kishike kutu vizuri, sisi hapa Machi mpaka Mei hewa yenyewe ndo kabati, unatundika chuma usiku na asubuhi kazi imeshafanyika. Kwa mara ya kwanza unyevu wa Dar unakusaidia.

Bluu ya moto nayo ipo, ya kuchovya kwenye kostiki soda na nitreti inayochemka nyuzi 140 hivi. Inatoka nzuri ila ile karai ikirusha tone jichoni umekwisha, sio kazi ya uani. Zile za chupa za kupaka na pamba ni za kuziba mchubuko mdogo tu, ukipaka bastola nzima inatoka mabakamabaka halafu baada ya muda mfupi inaanza kuchujuka.

Vishimo vyako visugue kwa mkono, msasa umezungushiwa kipande cha mbao bapa, uondoe kutu hai tu. Shimo litakalobaki liache, bluu ya kutu haing'ai sana kwa hiyo halitakupigia kelele.

Dada_wa_Mwenge
Naomba niingie kwenye mpini maana chuma sijui. Usihangaike na raba, weka mpingo jamani, tuko Tanzania! Huo ndio Wazungu wanatengenezea klarineti na zumari, ni mzito unazama kwenye maji, una mafuta yake ndani kwa hiyo unyevu hauusumbui kama mbao nyingine, na mweusi wake utaendana na bluu ya kaka hapo juu. Shida yake moja ni kukauka. Mpingo unakauka taratibu sana, ukichonga mbichi utapasuka, na vinyago vingi vinavyopasuka kwa wateja sababu ni hiyo hiyo. Tafuta kipande cha zamani, mzee wa kimakonde mzoefu atakijua kwa kukigonga tu. Na anayechonga avae barakoa, vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Mninga nao ni mzuri na unachongeka kirahisi ila ni laini zaidi, skrubu ikikazwa sana inazama.

Mtoto_wa_Ilala
Ukiweka pembe ya ndovu je? Si ndo mambo ya wazee hasa 😎

Dada_wa_Mwenge
Biashara ya pembe dunia nzima walikubaliana kuipiga marufuku tangu 1989, na kwa hapa kwetu ukikutwa na kipande bila karatasi utavaa sare za magereza. Mwache kaka wa watu na bastola yake.

Kigamboni_Beach
Dah asanteni sana, sikutegemea majibu ya hivi. Basi nikeli nimeitoa kichwani. Vibao vya zamani nivitupe? Na bluu ya kutu nikabidhi fundi yeyote wa mtaa wa Gerezani hapa Dar au?

Chuma_na_Msasa
Vibao usivitupe hata kile chenye ufa, viweke kwenye bahasha pamoja na skrubu yake, mchongaji atavitumia kama kipimo. Ukivitoa usichokonoe na bisbisi kwa nje, hiyo nyeusi ni kavu inavunjika kama biskuti, legeza skrubu nusu halafu igonge kichwa kidogo na mpini wa bisbisi, kibao cha upande wa pili kitajiinua chenyewe. Mchongaji mpelekee vibao tu, bastola ibaki nyumbani kwenye sefu.

Kuhusu fundi, hapana, sio yeyote. Awe na leseni ya kazi ya silaha, na kabla hujamwachia kitu waulize polisi pale walipokupa leseni yako unatakiwa kuacha karatasi gani. Welda akikutwa na fremu ya Webley karakanani kwake mtaenda kueleza wote wawili.

Na ikishatoka, usiirudishe kwenye ile ala ya ngozi. Ngozi inafyonza unyevu na chumvi inashikilia palepale, ndo maana silinda yako imeliwa pale pale. Ifute na mafuta mepesi, hata ya cherehani yanatosha, iweke kwenye soksi na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, na hivyo vipakiti vibadilishe, watu wanaviweka mwaka mzima wanadhani bado vinafanya kazi.

Kigamboni_Beach
Sawa mkuu. Soksi ya pamba au ya nailoni?

Chuma_na_Msasa
Zile zinazouzwa makusudi zimelowekwa silikoni, hizo ndo nzuri. Ukikosa, pamba iliyofuliwa ikatoka chumvi yote ya jasho, na uipitishie mafuta kidogo kwanza. Pamba kavu nayo inakunywa maji.