Wenye nyumba wa Lushoto, dohani mnasafisha lini? Mpaka nyumba iungue?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Nyumba ninayopanga hapa Lushoto ni ya zamani, zile za kikoloni zenye meko ya kuotea moto sebuleni. Nyie wa Tanga mjini na feni zenu hamtanielewa, lakini huku Juni mpaka Agosti bila moto hulali. Sasa kila nikiwasha, moshi unarudi ndani. Ukimulika tochi kwenye dohani unakuta masizi yameganda, meusi, yanang'aa kama lami ya barabara. Nikamwambia mwenye nyumba. Akanijibu: "Hiyo ipo tangu Wajerumani, haijawahi kusumbua. Koka moto mkali, itajisafisha."

Itajisafisha! Mzee wangu, hayo yanayong'aa ndiyo yanayoshika moto. Ni moshi wa kuni mbichi uliopoa njiani ukagandia ukutani, mafundi wa kazi hiyo wanaita kreosoti. Ikilipuka moto humo ndani joto linaweza kupita nyuzi 1,000, na ukuta wa tangu Wajerumani una nyufa. Moto ukipata ufa mmoja wa kufikia kenchi, kwisha habari. Na hata usipolipuka, dohani ikiziba kwa masizi au kiota cha ndege, kaboni monoksaidi inajaa chumbani. Haina rangi wala harufu. Mnalala, hamuamki.

Nilivyozidi kumsumbua akaniletea "fundi". Fundi mwenyewe kazi yake kupaka rangi! Kaja na mwanzi uliofungwa gunia, kasukuma kutoka juu, masizi laini yote kwenye zulia langu, "tayari bosi". Yale magumu hata hayakutikisika, maana yakishang'aa hivyo hata brashi ya waya peke yake mara nyingi haiyatoi, yanataka fundi wa dohani mwenye vifaa vyake. Na pesa kadai kwangu.

Halafu msije hapa na "mara moja kwa mwaka inatosha". Hiyo mmeiokota Marekani, na hata huko kinachotakiwa angalau mara moja kwa mwaka ni ukaguzi. Kusafisha hakungoji kalenda, masizi yakifika kama milimita 3 yanatolewa. Kwa hao hao Wajerumani anaowataja mzee, anayewasha kuni mwaka mzima anasafishiwa mara 4, wa msimu wote wa baridi mara 3, wa kuwasha kwa nadra mara 1. Tena wanachoma kuni zilizokaushwa mpaka unyevu uko chini ya asilimia 20. Sisi je? Mkaratusi wa juzi, ncha zinatoa povu motoni! Usiku tunaufukia moto ukae mpaka asubuhi, moshi mwingi, joto hakuna. Kwa kuni hizi isafishwe kabla ya Juni, na Julai mtu achungulie tena na tochi. Kuni zikauke chini ya paa kuanzia mwaka uliopita, lakini mwenye banda la kuni ni yeye, na kalifanya la mbuzi.

Kodi anakumbuka kudai ya miezi sita kwa mkupuo, dohani anamwachia Mjerumani.

Fundi wa dohani mwenye vifaa vya kweli kuanzia Soni mpaka Magamba aje PM. Nalipa mimi, risiti nakata kwenye kodi, na mwenye nyumba akitaka twende kwa mwenyekiti wa mtaa.