Kaka kaniambia nifupishe msimbo wa kumaunti programu. Nikubali?

Mzee_wa_C
Wakuu, habari za jioni. Nina kiprogramu cha C, mistari 400 na ushee, kinachomaunti (kuunganisha kwenye mti wa mafaili) programu za squashfs (faili moja iliyobanwa, ya kusoma tu) kwenye kompyuta za maabara ya shule, kila mwanafunzi na sandboksi yake (eneo lililotengwa). Ni setuid root, yaani kinaendeshwa kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu, hata akikiita mwanafunzi, kwa hiyo nikikosea msala ni wangu. Kaka mmoja ninayemheshimu kaupitia msimbo, kaleta mapendekezo.

Folda ya data ya mwanafunzi naifungua hatua kwa hatua kwa openat na O_NOFOLLOW (ikikuta simlinki, kiungo kinachoelekeza kwingine, inakataa), halafu namaunti kupitia /proc/self/fd/7, yaani folda ile ile niliyokwisha kuifungua. Anasema najichosha bure: niite lstat (inakagua njia bila kufuata simlinki), nikiona si simlinki nimaunti njia yenyewe, mistari 30 inatoka. La pili, folda ya vitabu niimaunti kwa MS_BIND (folda ionekane mahali pengine) na MS_RDONLY (kusoma tu) katika mwito mmoja badala ya miwili. La tatu ni majina ya funksheni, hilo sina ubishi. Shida ni kwamba msimbo wake unasomeka vizuri kuliko wangu!

Bi_Kerneli
La pili kataa. Kwenye MS_BIND ya mwanzo kerneli (kiini cha Linux) inaipuuza MS_RDONLY, na kosa haikupi. Lazima mwito wa pili wenye MS_REMOUNT (kumaunti upya). Yeye kazoea amri ya mount, inayomfanyia yote mawili kimyakimya. Weka mwito wake, kisha jaribu kuunda faili humo kwa touch.

Mzee_wa_C
Nimejaribu. mount imerudisha 0 (hakuna kosa), na faili imeundika, hiyo hapo, /vitabu/aaa. Nimeishiwa maneno.

fundi_wa_usiku
Mdogo wangu, la kwanza ndilo baya zaidi. Kati ya lstat na mount pana upenyo. Mwanafunzi mwenye skripti inayobadilishana folda na simlinki mfululizo, asipoupata mara ya kwanza ataupata ya elfu. Akiielekeza /home/mwalimu/mitihani, yeye hana ruhusa ya kupita /home/mwalimu, lakini anayeifuata simlinki ni root.

Flatpak (mfumo wa kuendesha programu za Linux ndani ya sandboksi) yaliwakuta 2024, dosari ya usalama CVE-2024-42472: programu yenye folda ya kudumu iliweza kuweka simlinki mahali pake, ikifunguliwa tena inaona faili za nje ya sandboksi. Bubblewrap, inayotengeneza sandboksi za Flatpak, ikaongezewa --bind-fd, imaunti kile kile kilichokwisha kufunguliwa. Wewe unacho tayari, halafu unataka kukitupa. snap-confine, inayotengeneza sandboksi za programu za Snap, nayo ilikuwa na upenyo wa jamii hiyo, CVE-2021-44731, mtumiaji wa kawaida anaibuka root.

Ila baada ya unshare (kujitenga na maunti za mfumo), / unaipa MS_REC na MS_SLAVE, ili maunti zako zisitoke nje? Hujaitaja.

Mzee_wa_C
Dah. Siipi.

Bi_Kerneli
Basi kila unachomaunti kinavuja nje. systemd, inayowasha mfumo, huiacha / ikiwa ya kushirikiana.

Mzee_wa_C
Kumbe! Kuna mashine moja ya pembeni, findmnt (orodha ya maunti) inajaza skrini mbili, nimekuwa nikiiwasha upya kila Ijumaa nikilaumu diski. Naongeza huo mstari sasa hivi. Majina ya funksheni nimeyapokea yote. Kaka nitampelekea hiyo /vitabu/aaa bila maelezo marefu, ataelewa.